Ajali ya mgodini ina kinga

Kila ardhi inapowafunika vijana katika mashimo ya dhahabu huku kwetu Migori, waombolezaji hukusanyika, mahubiri hutolewa, na kabla ya jeneza kuteremshwa hakosi mtu wa kusimama na kusema: ajali haina kinga. Watu hutikisa vichwa kukubali. Matanga hayajaisha, na shimo lililo hatua chache kutoka lile la maafa tayari lina watu ndani.

Sina ugomvi na methali hiyo inapotumika mahali pake. Radi ikimpiga mchungaji malishoni, na isemwe. Lakini shimo la kina cha futi mia moja, lisilo na nguzo hata moja, likiporomoka siku ya pili baada ya mvua kubwa, tusimsingizie Mungu. Chanzo chake kilijulikana tangu siku lilipoanza kuchimbwa. Kinga yake ilijulikana pia. Kilichokosekana ni mtu wa kugharamia miti. Hoja yangu leo ni hii: vifo na majeraha mengi ya migodini yanaweza kuzuiwa kwa vifaa vya bei nafuu, na anayepaswa kuvinunua ni yule anayepokea fungu lake la mawe bila kuteremka shimoni.

Uchimbaji si jambo geni katika eneo hili. Dhahabu imetafutwa Nyanza Kusini tangu enzi za ukoloni, na mgodi mkubwa wa Macalder, uliotoa shaba pamoja na dhahabu, ulifungwa mwaka 1966. Mgodi ulifungwa, lakini dhahabu haikwisha miambani. Wachimbaji wadogo wanaifuata kwa nyundo, patasi na karai, kuanzia Masara upande wa Suna Magharibi hadi Osiri, Mikei na Macalder kule Nyatike. Kwa jamaa nyingi shimo ndilo shamba, na ndilo linalotoa karo ya shule.

Kwa hivyo anayesema migodi yote ifungwe hajaketi na mwenye njaa. Tena amri ya kufunga, ikiwa peke yake, haimkingi mtu. Mwezi Machi 2024 serikali iliamuru mgodi wa Hillo huko Moyale, Kaunti ya Marsabit, ufungwe baada ya mapigano. Mwezi Mei mwaka huo huo uliporomoka na kuua watu 5 waliokuwa wakichimba. Mwenye shida huingia hata palipofungwa, na huingia usiku, wakati hakuna wa kusikia akipiga kelele.

Maadui wanne

Anayeshuka shimoni hukabiliana na maadui wanne, na inafaa tuwataje kwa majina.

Wa kwanza ni ardhi yenyewe. Sehemu ya juu ya shimo huwa ni udongo na mwamba uliooza, usioshikamana. Wachimbaji wakiufikia mshipa wa dhahabu huufuata kwa ubavu, kushoto na kulia, na mara nyingi huondoa hata ule mwamba ambao ungebaki kuwa nguzo, kwa kuwa nao una dhahabu. Juu, udongo uliotolewa hurundikwa pale pale mdomoni mwa shimo na kuongeza uzito. Mvua za masika au za vuli zikinyesha, maji hupenya kwenye nyufa, udongo ukalegea na kuwa mzito zaidi. Siku moja huteremka wote. Desemba 2021 mgodi wa Abimbo huko Bondo, Kaunti ya Siaya, uliporomoka. Kuna waliookolewa, lakini mwili wa mchimbaji mmoja haukutolewa hadi mwaka 2022, miezi mingi baada ya siku ile. Fikiria jamaa inayongoja mwili miezi yote hiyo.

Kinga ya adui huyu ni miti imara iliyofungwa kama fremu katika sehemu yote iliyo laini, nguzo za mwamba zisizoguswa hata zikiwa na dhahabu, udongo kutupwa mbali na mdomo, na hakuna kushuka baada ya mvua hadi mtu mzoefu akague. Hakuna hata moja kati ya hayo inayohitaji mtaalamu kutoka ng'ambo.

Adui wa pili haonekani. Shimo likishapindapinda, hewa safi haifiki chini. Mbaya zaidi ni pale injini ya petroli au dizeli inapoteremshwa kuvuta maji. Wanaofanya hivyo wana sababu: pampu iliyo juu haiwezi kunyonya maji yaliyo chini sana, mwisho wake ni kama mita 7 au 8 tu. Lakini moshi wa injini una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hujishika kwenye damu na kuizuia isibebe oksijeni. Mchimbaji huumwa kichwa, husikia kichefuchefu, miguu hulegea, huketi apumzike kidogo, naye haamki. Dawa yake ni pampu ya umeme inayozamishwa majini, huku jenereta ikibaki juu, mbali na mdomo wa shimo, mahali ambapo upepo hautarudisha moshi ndani.

Wengi huutegemea mshumaa. Ni kweli, mshumaa ukizimika hewa imepungua, na kila mtu atoke. Lakini mshumaa unaowaka si cheti cha usalama. Kaboni monoksidi inaweza kumuua mtu huku mshumaa ukiendelea kuwaka kando yake. Mwaka 2002, katika migodi ya tanzanaiti ya Mirerani nchini Tanzania, wachimbaji zaidi ya 30 walikufa baada ya mashine ya kupeleka hewa safi kushindwa kufanya kazi. Hao hawakuangukiwa na jiwe lolote.

Adui wa tatu ni kila kinachoanguka. Kamba iliyolika hukatika mtu akiwa katikati. Ndoo ya mawe humponyoka anayevuta na kumpata aliye chini. Kijiti cha kukanyaga kilichooza huvunjika. Majeraha haya hayatangazwi redioni kwa sababu huumiza mmoja mmoja: leo mguu, kesho fuvu la kichwa, kesho kutwa uti wa mgongo. Hata hivyo ndiyo yanayojaza vijiji watu wenye magongo kabla hawajafika umri wa miaka 30. Kofia ngumu, kamba mpya, ngazi thabiti na sharti kwamba asikae mtu chini ya ndoo inayovutwa vingepunguza sehemu kubwa ya maumivu hayo.

Adui wa nne huua polepole, naye ni vumbi. Mwamba wa dhahabu aghalabu ni wa kwatzi, na vumbi la kwatzi likivutwa mapafuni husababisha silikosisi, ugonjwa unaoyafanya mapafu kuwa magumu na usio na tiba. Aliye na silikosisi hupatwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi kuliko mtu mwingine, na akiwa pia anaishi na virusi vya ukimwi hatari huzidi maradufu. Migori na Homa Bay ni miongoni mwa kaunti zenye maambukizi mengi ya virusi hivyo nchini, kwa hivyo jambo hili linatuhusu sisi kuliko wengi. Wanaoumia si walio shimoni peke yao. Akina mama wanaoponda mawe kwa nyundo, na vijana wanaosimamia mashine za kusaga, huvuta vumbi hilo hilo kuanzia asubuhi hadi jioni. Kulowesha mawe kwa maji kabla ya kuyaponda hupunguza vumbi kwa kiasi kikubwa. Kitambaa kilichofungwa puani hakitoshi, maana chembe zinazodhuru ni ndogo mno na hupita kwenye nyuzi.

Zebaki nimeiacha makusudi. Madhara yake ni makubwa na yamezungumzwa sana, na ni haki yazungumzwe. Lakini mchimbaji hawezi kufika kwenye karai la zebaki ikiwa shimo limemmeza mapema.

Dakika za kwanza

Kwa kuwa ukurasa huu ni wa afya, niseme machache juu ya dakika zile za kwanza, ambazo mara nyingi huamua nani ataishi.

Mtu akizirai shimoni bila kuangukiwa na kitu, usimfuate. Jambo hili ni gumu kwa sababu aliyelala kule chini ni ndugu yako, na miguu hutaka kukimbia kabla ya akili kufikiri. Lakini gesi iliyomwangusha yeye itakuangusha na wewe. Taasisi ya usalama kazini ya Marekani, NIOSH, ilionya mwaka 1986 kwamba zaidi ya asilimia 60 ya waliokufa katika sehemu finyu zisizo na hewa ya kutosha walikuwa watu walioingia kuokoa wenzao. Zima injini, pelekeni hewa safi chini kwa mashine na bomba, na anayeshuka afungwe kamba kiunoni yenye watu wa kumvuta. Ndiyo maana kila mchimbaji angefaa kushuka akiwa tayari amefungwa kamba, ili avutwe bila mwingine kuingia.

Aliyeanguka au kuangukiwa mgongoni asibebwe mikono na miguu kama gunia, wala asipakiwe kwenye bodaboda katikati ya watu wawili. Uti wa mgongo uliopasuka unaweza kuwa mzima ndani bado, na ni sisi tunaoukata tunapomkunja. Mlazeni juu ya ubao mpana au mlango uliong'olewa, kichwa na shingo vishikwe visicheze, kisha asafirishwe akiwa amenyooka.

Aliyebanwa miguu na mawe kwa saa nyingi huonekana amepona mara tu anapotolewa, kisha hufa siku hiyo au siku zinazofuata. Misuli iliyopondwa humwaga sumu kwenye damu, nayo huweza kusimamisha moyo au kuharibu figo. Mhudumu wa afya aitwe hata kabla mawe hayajaondolewa, ili aanze kumtundikia maji. Na mkifika hospitalini, iwe Macalder au hospitali ya rufaa ya kaunti mjini Migori, jambo la kwanza la kumwambia daktari ni amebanwa kwa muda gani. Msifiche kwamba alikuwa mgodini kwa kuogopa kushtakiwa. Daktari hatafuti leseni yenu.

Funzo la makaa ya mawe

Hatuhitaji kubahatisha kama kinga inawezekana. Kazi ya chini ya ardhi ambayo imewaua watu wengi na kuchunguzwa sana duniani ni ile ya makaa ya mawe. Machi 1906 mlipuko katika mgodi wa Courrières, Ufaransa, uliua watu 1,099. Mwaka 1907 Marekani ilipoteza wachimbaji 3,242 wa makaa kwa mwaka huo mmoja. Hata wao walikuwa na wahubiri waliosema ni mapenzi ya Mungu. Katika miaka ya karibuni vifo hivyo huko Marekani vimekuwa chini ya 20 kwa mwaka. Ni kweli wachimbaji wenyewe wamepungua sana na mashine zimechukua kazi nyingi, lakini hilo halielezi tofauti yote.

Novemba 1968 mlipuko wa Farmington, jimbo la West Virginia, uliwaua wachimbaji 78. Mwaka uliofuata, 1969, Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria iliyoleta ukaguzi wa mara kwa mara, kikomo cha vumbi linaloruhusiwa, na fidia kwa walioharibika mapafu. Makaa yalibaki yale yale, na ardhi ile ile. Kilichobadilika ni mfuko wa kulipia. Mwenye mgodi akijua kwamba mgongo wa mchimbaji ukivunjika gharama zitatoka mfukoni mwake, ghafla huanza kuona miti kuwa ni ya bei rahisi.

Nani hulipa huku kwetu?

Na sasa turudi Migori tuulize swali hilo hilo. Kijana akivunjika mgongo, nani hulipa?

Sheria tunazo. Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007, ambayo wengi wanaijua kama WIBA, inamtaka mwajiri awe na bima, na inaweka malipo ya ulemavu wa kudumu kwa hesabu ya mapato ya miezi 96. Dai linapaswa kuwasilishwa katika muda wa miezi 12 tangu ajali itokee. Ni sheria nzuri. Ila ina mlango mmoja wa kuingilia: lazima uwe umeajiriwa kwa mshahara.

Mashimoni hakuna mshahara. Kuna magunia. Mawe yakitolewa, mwenye shamba huchukua fungu lake, mwenye shimo fungu lake, na wachimbaji hugawana kilichobaki kulingana na mapatano. Mambo yakiwa mazuri, mpango huu hupendwa na wote, maana siku ya bahati mchimbaji hurudi nyumbani na pesa ambazo kibarua wa shambani hazioni kwa miezi. Mambo yakiharibika, ndipo kijana hugundua alichotia sahihi bila kalamu. Mwenye shimo atasema, "Huyu hakuwa mfanyakazi wangu, tulikuwa washirika." Ushirika gani huu, ambao faida hugawanywa kwa watatu na jeraha hubebwa na mmoja?

Bima ya afya ya serikali haiwezi kuziba pengo hilo peke yake. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024, huwataka wasio na ajira rasmi walipe kulingana na mapato ya kaya, kiasi cha chini kikiwa Sh300 kwa mwezi. Kila mchimbaji na ajiandikishe, tena leo. Lakini bima ya matibabu hulipia kitanda na upasuaji. Hailipi karo ya watoto wa mtu asiyeweza kusimama tena, wala chakula cha mkewe.

Ipo sheria nyingine ambayo haiulizi habari za mshahara. Sheria ya Usalama na Afya Kazini, nayo ya mwaka 2007, inahusu kila mahali ambapo mtu yeyote anafanya kazi, iwe ya kudumu au ya muda, na inamwekea wajibu anayepamiliki au kupasimamia mahali hapo. Shimo ni mahali pa kazi. Anayelidhibiti, akaamua nani ashuke na nani apate mangapi, hawezi kujificha nyuma ya neno ushirika. Nayo Sheria ya Madini ya mwaka 2016 imeagiza kila kaunti iwe na kamati ya wachimbaji wadogo, ambamo wachimbaji wenyewe wana wawakilishi. Kamati hiyo ina nafasi ya kuhakikisha kwamba kibali hakitolewi kwa ramani peke yake, bila mtu kutazama nguzo.

Gunia la kwanza

Pendekezo langu halihitaji Bunge. Katika kila shimo, kabla ya mwenye shamba, mwenye shimo na wachimbaji kugawana, gunia la kwanza la kila mgao litengwe. Liitwe gunia la miti. Litasagwa, dhahabu yake iuzwe mbele ya wote, na pesa ziwekwe kwenye chama cha ushirika cha wachimbaji, kwenye daftari linaloweza kusomwa na kila mwanachama. Pesa hizo zinunue miti, kamba, kofia, pampu ya kuzamishwa majini na machela ya kila eneo. Zitakazosalia zilipie SHA ya wanachama na ziwe akiba ya aliyeumia. Kwa njia hiyo wale wasioshuka nao huchangia kabla ya faida, kila mmoja kulingana na fungu lake.

Najua pingamizi zitakazokuja. Mwenye shimo atasema mawe ni machache siku hizi. Shimo ambalo haliwezi kulipia miti yake halina faida. Huo ni mkopo unaochukuliwa kwenye mifupa ya vijana, na haulipwi. Wachimbaji nao watasema kungoja miti ni kupoteza siku. Ni kweli, siku itapotea. Lakini anayehesabu siku moja ya kungoja na ahesabu pia miaka ya kulala chali.

Tena mchimbaji mwenyewe ana nguvu ambayo hajaitumia. Shimo halijichimbi. Kikundi kizima kikikataa kushuka katika shimo lisilo na nguzo, mwenye shimo ataleta miti kabla ya jua kutua. Akikataa mmoja, nafasi yake huchukuliwa na mwingine anayengoja kando. Ndiyo maana chama ni kinga kama vile kofia ilivyo kinga.

Wazee wetu walituachia methali nyingi, na si haki kuchagua ile inayotupumzisha tu. Walisema pia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Mvua zitakaponyesha tena, nyufa zitaonekana wazi kwenye midomo ya mashimo, kuanzia Masara hadi Macalder. Mwenye shimo na azitazame kabla ya kuhesabu magunia. Na wewe msomaji, ukiwa na mwanao au ndugu yako anayeshuka, usimuulize jioni amepata gramu ngapi. Muulize kwanza kama shimo lake lina miti.